Nta Mbili na Kiganja Kimoja

Gari lilipoingia uwanjani, rangi yake haikujulikana. Kuanzia magurudumu hadi kwenye vitasa vya milango lilikuwa limefunikwa na matope mekundu yaliyokauka na kupasuka. Juu ya matope kulikuwa na vumbi jeupe, laini kama unga, la barabara nyingine kabisa, na mbele, kwenye taa na boneti, wadudu walikuwa wamegandamana kama mbegu za ufuta. Fundi alisimama na kitambaa begani akalisoma. Matope yale mekundu aliyajua. Yako sehemu moja tu, kwenye mteremko wa milimani, njia ya mji mkubwa. Moyo ukamruka kidogo, kama unavyomruka mtu anaposikia jina la mtu wake likitajwa na wapita njia.

Dereva alishuka akajinyoosha, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, shati limemkunjamana mgongoni kwa kukaa. Akatazama huku na huku kwa macho ya mtu asiyejua yuko wapi na asiyeona haja ya kuharakisha kujua: paa la bati juu ya nguzo za chuma, ndoo zilizopangwa kwa ukubwa, mpira wa maji uliozungushwa kwenye rimu kuukuu ya lori. Ng'ambo ya uwanja palikuwa na duka dogo la vikorokoro vya magari, pamening'inizwa mazulia ya miguuni na manukato ya umbo la jani.

"Nimeambiwa hapa kuna mtu anaitwa Kioo," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Mlinzi wa kituo cha mafuta. Kasema nikitaka gari lirudi kuwa gari, nije kwako."

"Basi umefika. Safari ya wapi?"

"Mbele."

"Mbele ni pakubwa, ndugu yangu."

"Ndiyo maana mpaka leo sijafika." Mgeni akacheka peke yake, akavua miwani kuifuta.

Kioo lilikuwa jina la kupewa, lakini lilikuwa limemkaa muda mrefu hivi kwamba fundi cherehani aliyemshonea ovaroli alilidarizi kifuani bila kuuliza. Ujana wake aliumalizia kwenye karakana ya wauza magari mapya, ambako kazi yake ilikuwa kuyapaka nta kabla wenyewe hawajakabidhiwa funguo. Huko ndiko alikojifunza kwamba rangi ya gari ni ngozi, na nta ni kile kinachoizuia ngozi isizeeke. Alipochoka kuyang'arisha magari ya kuonyeshwa watu, yeye na mkewe walikodi uwanja huu. Mke alishika maji, yeye akashika nta. Mke alikuwa na mazoea yake: gari likishaoshwa, alilipitishia kiganja polepole, kutoka boneti hadi buti, akitafuta chembe ya mchanga iliyobaki. Akiipata, anamrudishia mumewe kitambaa bila neno, nyusi zimeinuka. Wateja walipenda kuutazama mchezo ule kuliko hata gari lenyewe.

Sasa maji na nta vilikuwa vya mtu mmoja.

Alikuwa amefungua bomba na matope mekundu yanaanza kuteremka, sauti ilipotoka dukani kabla ya mwenye sauti.

"Shemeji! Wewe, shemeji! Umempigia dada?"

Mwenye duka alikuwa mdogo wa mkewe, mwanamke mpana wa mabega na mkubwa wa kicheko, ambaye hakuwahi kusema jambo kwa siri kwa kuwa hakuwa na sauti ya kusemea siri.

"Nina mteja," akajibu Kioo.

"Mteja hana masikio? Mteja, pole na safari. Haya ni ya nyumbani, sikiliza tu." Akaushika mpira wa maji akaukunja, maji yakakatika. "Mkataba wake umekwisha, nimekwambia jana, nakwambia tena. Kesho asubuhi anaitwa ofisini kwao: anabaki au anaondoka. Kasema hivi, ukitokea na gari kabla hawajamwita, anapakia vitu vyake anarudi nawe. Usipotokea, anasaini tena. Mimi nimefikisha. Nisije kuambiwa sikufikisha."

"Si apande basi."

"Na cherehani aiweke kichwani? Na godoro? Na maisha yote aliyokaa kule ayafunge kwenye mfuko wa nailoni?"

"Gari halijakaa sawa."

"Halijakaa sawa lina nini? Kila Jumamosi nalisikia linanguruma. Hilo gari linaongea kuliko wewe!"

Akauachia mpira. Maji yakaruka, yakamlowesha Kioo magoti. Mgeni akageuza uso ili asionekane anatabasamu.

Gari lililosemwa lilikuwa pale pale, mwisho wa paa, mahali ambapo jua halifiki mpaka alasiri: gari dogo la buluu iliyokolea, la miaka mingi, safi kiasi cha kutia wivu. Lilikuwa lao, mume na mke. Kioo alikuwa akiliwasha kila wiki ili betri isife, akilisogeza mbele hatua chache na kulirudisha. Barabarani hakulitoa.

Mke alikuwa ameondoka kwenda kufanya kazi ya kufua kwenye hoteli ya mji mkubwa, mwaka mmoja tu, mpaka mambo yakae sawa. Mwaka ule ukazaa mwingine. Mwanzoni alikuja kila alipopata likizo. Baadaye likizo zikawa fupi na njia ikawa ndefu. Kwenye simu waliulizana afya, wakaulizana maji kama yanatoka, kisha mmoja akasema "Njoo basi," na mwingine akajibu "Njoo wewe," na hapo wote wawili wakawa wanasikiliza pumzi.

Kioo alilisuuza gari la mgeni, akalikausha. Likatokeza kijivu.

"Unataka niishie hapa au nipake nta?"

"Nta ipi ni nzuri?"

Mtu mwingine angejibiwa kwa neno moja. Lakini shemeji alikuwa bado amesimama, na swali hilo lilikuwa vita vyao vya siku zote.

"Ya dukani kwangu," akasema haraka. "Kopo hili hapa. Unapaka mwenyewe nyumbani na soksi ya zamani, unafuta, unajiona usoni. Huyu atakwambia habari za chupa yake isiyo na hata picha."

"Chupa haipakwi kwenye gari," akasema Kioo. "Kinachopakwa ni kilichomo."

"Haya, na tuone. Mgeni, unatuazima boneti?"

Mgeni alikuwa mtu wa kupenda mambo ya namna hii; ilionekana kwa jinsi alivyovuta ndoo tupu, akaipindua, akaikalia. Kioo akabandika utepe wa karatasi katikati ya boneti, kutoka kwenye kioo cha mbele hadi puani. Upande wa kushoto shemeji mwenyewe akapaka nta ya kopo, nene, ya manjano, inayonukia ndizi, akizungusha sponji kwa madaha kama mtu anayepigwa picha. Upande wa kulia Kioo akadondosha matone machache ya nta ya mafundi kwenye kitambaa, akayapitisha kwa mistari iliyonyooka, nyembamba, hayaonekani, yananukia kama chumba cha kupigia rangi.

Shemeji akafuta upande wake mara moja. Ukawaka. Mawingu yalionekana ndani yake, na bati, na uso wake mwenyewe wenye furaha.

"Mgeni, sema ukweli, usimwogope. Upi unang'aa?"

Mgeni akainama, akatazama kushoto, akatazama kulia, ambako bado palikuwa na ukungu mwembamba kama pumzi kwenye dirisha. "Kushoto," akasema.

Shemeji akapiga vigelegele mpaka mwendesha baiskeli mmoja akageuza shingo.

"Leo," akasema Kioo bila kukasirika. "Leo ni kushoto, sibishi. Ile nta ina mafuta mengi, mafuta yanapendeza macho. Likipata jua siku kadhaa, likanyeshewa, likaoshwa na sabuni ya vyombo kwa mtu mwingine huko mbele, utamwaga maji upande wa kushoto yatalala kama kitambaa. Upande wa kulia yatakuwa bado yanasimama tone tone. Hii haijakuja kwa ajili ya leo. Lakini ina masharti. Ikishapakwa usiiguse mpaka ishike. Ukiigusa mbichi, alama inakauka nayo, na ikishakauka ni ngumu kama ukucha. Kuitoa ni mpaka mashine ya kusugulia."

"Na mtu asiyejua atakuwa wapi mwezi ujao," akauliza mgeni, "achukue ipi?"

Kioo akaenda kubadilisha kitambaa kisichohitaji kubadilishwa.

Hakuna aliyejua jambo hili: kwa muda mrefu alikuwa akizipima nta zile mbili, na nyingine nyingi, kwenye boneti za teksi za mji mzima, nusu kwa nusu, utepe katikati. Madereva walidhani anatafuta biashara. Walimletea habari kila walipopita: ile ya kushoto imekufa, Kioo, ile ya kulia bado. Alichokuwa akitafuta ni nta ya tatu. Nta inayoweza kulala juu ya nyingine bila kuidhuru. Nyuma ya kibanda alikuwa na mlango mbovu wa gari lililochakaa, na juu ya mlango huo alikuwa ameviacha viganja vyake mwenyewe kwenye nta mbichi, akavikausha, kisha akajaribu kuvifunika. Nta ya mafundi iliyeyusha iliyo chini yake, ikala kiganja. Nta ya dukani ilikuwa na chembechembe za kusugulia, ikakifuta. Kila alichokipaka ili kukilinda ndicho kilichokiondoa. Mlango ule sasa ulikuwa msafi, unang'aa, hauna mkono hata mmoja.

Mgeni alikuwa amesimama. Watu wa safari hawakai mahali. Akatembea tembea chini ya bati, mikono mfukoni, mpaka akalifikia gari la buluu.

"Na hili umelipaka ipi?" akauliza. Kisha akafanya alichokuwa akifanya asubuhi nzima na miwani yake: akainama, akaipulizia boneti hewa ya kinywa, haaa, na akainua mkono na ncha ya shati tayari kufuta.

"Usiguse!"

Mlio ule haukuwa sauti ambayo shemeji aliwahi kuisikia kwa mume wa dada yake. Mgeni akaganda, mkono hewani. Na pale alipopuliza, katikati ya ukungu wa pumzi yake, kitu kilikuwa kimejitokeza. Vidole vinne, kidole gumba, na mviringo wa kiganja. Kilikuwa hafifu, kama picha iliyokaa sana juani. Kikakaa kidogo, kikafifia, kikaondoka na ukungu.

Shemeji alisogea taratibu, akainama, akapuliza mwenyewe. Kiganja kikarudi.

"Hicho kidole cha mwisho," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Kimepinda. Mimi ndiye niliyekibana na mlango, tukiwa wadogo. Alilia, na mimi nikalia kuliko yeye ili nisipigwe." Akanyanyuka. "Shemeji. Huu si mkono wa dada?"

Kioo alikuwa akikunja kitambaa, akakikunja tena, kikawa kidogo kama sabuni.

"Siku ile kabla hajasafiri nilikuwa nimelipaka. Nilitaka aondoke aliache linang'aa. Akaja kuniuliza funguo za kabati ziko wapi, akaegemea hapo. Mazoea yake, unayajua. Nikamwambia usiguse, ni bichi. Akasema, gari letu wenyewe, nisiguse? Nikamwambia nitalitengeneza kesho." "Kesho yake alikuwa ameshaondoka. Niliiwasha mashine. Nikaizima."

"Na hujamwambia."

"Nimwambie nini? Mtu mzima, nina mvi, niko hapa nalinda alama ya mkono? Asubuhi kukiwa na umande kinaonekana chenyewe. Umande unasimama boneti nzima, hapo unalala. Nakuja nakiona, nafungua kazi. Lakini kinaisha, shemeji. Mwanzo nilikuwa naona hadi mistari ya kiganja."

Shemeji alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Kumbe ndiyo maana gari halitoki! Na dada anajua unalipenda gari kuliko yeye. Ndivyo anavyosema. Anasema, mwanaume anayeona uchungu kulipitisha gari lake kwenye matope kwa ajili yangu, nirudi kwake kufanya nini? Na mimi namuunga mkono! Kila wiki, kwenye simu, namwambia dada una haki, huyo mtu kaoa boneti!"

Mgeni alikohoa. Ilikuwa ama kicheko ama kitu kingine.

Shemeji tayari alikuwa na simu sikioni. Ikaita, ikaita, ikakatika. "Wako kazini. Simu zao zinafungiwa kabatini mpaka jioni. Na hata nikimpata jioni, nitamwambiaje akanisadiki? Mimi niliyekusema vibaya juzi tu, leo nimwambie una mkono wake kwenye gari? Atasema umeninunua." Akamgeukia Kioo. "Inabidi aone mwenyewe."

"Njia ile itakimaliza." Kioo akanyoosha kidole kwenye gari la mgeni, ambako maji mekundu yalikuwa bado yanachuruzika chini ya madigadi. "Umeliona lilivyoingia? Kokoto, matope, mvua. Nta imeshachoka. Huenda nikafika kwake boneti tupu."

"Kifunike na blanketi."

"Blanketi likitikisika linasugua. Nilishawaza. Kila kitu nimeshakiwaza."

Halafu Kioo akamtazama mgeni, ambaye muda wote huo hakuwa amejitia katika mambo yao.

"Huko ulikotoka, mvua ilikuwa kubwa?"

"Juu mlimani, kubwa. Ukishateremka, ya kawaida. Nimeendesha jana kutwa, nikipumzika njiani. Mtu asiyepumzika, anayejua anakokwenda, atafika mapema kuliko mimi."

Kioo akatazama jua, bado la asubuhi. Akatazama lile gari la buluu. Alikuwa amelitunza ili mkewe akirudi akute kila kitu alivyokiacha, na sasa aliona kitu ambacho angekiona siku nyingi kama angekuwa si yeye: kwamba kilichoachwa kikutwe vilevile ni kile ambacho hakuna anayekuja kukikuta. Alitamani kiganja kile kuliko alivyowahi kutamani chochote. Alitamani zaidi kile kidole kilichopinda kikiwa cha joto, kikimrudishia kitambaa bila neno.

Akavua ovaroli. Chini yake alikuwa na shati la kawaida, la mistari, kola imelegea.

"Hilo shati?" akasema shemeji. "Unamfuata mke na hilo shati?"

"Unataka nivae tai?"

"Nataka uvae lililopigwa pasi! Basi, nenda, nenda, utachelewa. Chukua maji ya kunywa. Chukua kamba ya godoro, iko mlangoni kwangu. Na usimwanzie kwa maneno ya afya na maji ya bomba. Mpeleke moja kwa moja mbele ya gari, umwambie puliza."

"Na kikiwa hakipo?"

Shemeji alifikiri. "Basi mwambie aweke kingine."

Kioo alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko kifupi, cha puani. Akachukua chupa ya nta ya mafundi, akaitazama, akaitia kwenye mfuko wa mlango pamoja na kitambaa kipya. Kisha akamwendea mgeni.

"Ndugu yangu, nimekuharibia ratiba. Upande wangu bado mbichi. Mpaka alasiri hivi, ndipo shemeji aufute kwa kitambaa kikavu, mistari iliyonyooka, asizungushe. Mpaka hapo vumbi likianguka, liache. Nzi akitua, mwache. Usiguse."

"Sina ratiba," akasema mgeni. "Nitakaa."

"Ndoo ya buluu ndiyo imara. Hiyo uliyokalia ina ufa."

Gari dogo liliwaka mara moja, kama lililokuwa likisubiri kuulizwa. Kioo akalitoa chini ya bati, akapita mahali alipozoea kusimama na kurudi nyuma kila Jumamosi, akaendelea. Kwenye shimo la kwanza la barabara akaufinya usukani, akilipitisha kwa upole kama anayebeba mayai. Kwenye la pili vivyo hivyo. Kwenye la tatu akaacha magurudumu yafanye kazi yake.

Mawingu yale yaliyoonekana kwenye boneti ya mgeni yalikuwa yamefika. Matone ya kwanza yakaanguka, manene, ya mbalimbali. Yakasimama juu ya buluu kama shanga, yakitetemeka, yakikimbilia kwenye kioo. Na hapo kati, ambako hayakusimama, maji yalilala, yakachora vidole vinne na kidole gumba, cha mwisho kimepinda, ncha zake zikimwelekea yeye aliyeshika usukani. Kioo hakuwasha waipa mara moja.

Kabla ya kona alitupa jicho kwenye kioo cha kuangalia nyuma. Shemeji alikuwa mlangoni pa duka, simu sikioni tena. Mgeni alikuwa amelisukuma gari lake la kijivu hadi chini ya bati, mahali palipobaki wazi, na sasa alikuwa amesimama mbele ya boneti, ameinama kidogo kuitazama, mikono ameifungia nyuma ya mgongo.